Nani Ameshika Majina Yetu?

Mhadhara wa wazi uliotolewa Kawe, Dar es Salaam



Swali nililoletewa ni hili: je, jukwaa la majadiliano la mtandaoni linaweza kuendeshwa kwa teknolojia iliyogatuliwa, bila seva moja, bila kampuni moja, bila mtu mmoja ambaye akizuiwa yeye basi wote tumenyamazishwa? Jibu langu ni ndiyo, na ninalitoa mapema msije mkalisubiri. Lakini ndiyo hiyo ina sharti, na kazi yangu jioni hii ni kulieleza sharti lenyewe.

Teknolojia ya namna hiyo si ngeni hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla tovuti hazijafika Dar es Salaam, zilikuwapo kompyuta chache mjini humu zilizobeba barua na majadiliano kwa mtindo wa FidoNet. Aliyeubuni ni Tom Jennings, kule San Francisco, mwaka 1984, na mahitaji yake yalikuwa machache: kompyuta ya kawaida, modemu na laini ya simu. Usiku, gharama za simu zikishuka, kompyuta moja inaipigia nyingine, zinakabidhiana furushi la ujumbe, kisha zinakata. Iliyopokea nayo inaipigia ya tatu. Mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Madaktari wa hospitali ya Muhimbili walikuwa na HealthNet, ambayo ilitumia pia setilaiti ndogo inayozunguka dunia: ikipita juu yako unaikabidhi barua unazotuma na kuchukua ulizotumiwa, nayo inakwenda zake kuzishusha kwingine. Mtindo huo wa FidoNet haukuwa na makao makuu ya kuamuru nani aseme. Laini ya Kampala ikikatika, Nairobi na Dar zinaendelea kuzungumza, na ujumbe wa Kampala unasubiri mpaka laini irudi.

Tuliuacha mtindo huo kwa sababu inayoeleweka. Tovuti ilipokuja ilikuwa na raha yake. Hakuna kusubiri usiku. Unaandika ukiwa hapa Ukwamani, mwenzako aliyeko Toronto anakusoma papo hapo na kukujibu kabla chai haijapoa. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi wakaanzisha Jambo Forums, ambayo mwaka 2008 ilibadili jina na kuwa JamiiForums, na watu wakamiminika. Humu ukumbini sidhani kama yupo ambaye hajawahi kutumiwa uzi wa huko. Mijadala ya kashfa za Richmond na fedha za EPA ya mwaka 2008, na ile ya kashfa ya Escrow ya mwaka 2014, ilipita pale ikiwa na nyaraka, hesabu na ubishi mkali. Februari 2008 waanzilishi hao walikamatwa na kuhojiwa, na kompyuta zikachukuliwa. Lakini msiidhanie kuwa ya siasa tu. Mle ndani mtu anauliza matikiti yanataka maji kiasi gani, mwingine anauliza kiwanja cha Bunju kina mgogoro au hakina, dada mmoja anaeleza ndoa yake inavyomuumiza na watu wasiomjua wanakesha wakimshauri, wakimwita mkuu, wakigombana kwa ajili yake. Mimi ninaamini kwamba hiyo ndiyo hazina kubwa kuliko zote ya maandishi ya Kiswahili cha kila siku, Kiswahili cha watu wanaosema wanachokimaanisha, na kila siku ninayofikiri juu ya hazina hiyo kuwa mahali pamoja chini ya kufuli moja, moyo wangu hautulii.

Sasa tuangalie kilichotokea, maana humo ndimo swali letu lilimo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huo. Kifungu chake cha 32 kinampa polisi uwezo wa kudai taarifa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Polisi walikuwa wakizidai taarifa za baadhi ya wanachama wa JamiiForums walioandika kuhusu tuhuma za ufisadi kwa majina ya kificho, na Melo alikataa kuwataja. Desemba 13, 2016 akakamatwa, na siku tatu baadaye akafikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Mashtaka yalikuwa ya aina mbili. La kwanza, kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa. La pili, kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa kikoa cha .tz. Kesi zilikuwa tatu, na zilimfanya aone ngazi za Kisutu kwa miaka minne. Moja iliisha mwaka 2018 kwa kuachiwa huru. Aprili 2020 akatiwa hatiani katika nyingine na kutozwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Novemba mwaka huohuo ya mwisho ikaisha kwa kuachiwa kwa masharti. Katikati ya safari hizo za mahakamani, mwaka 2019, Kamati ya Kulinda Wanahabari yenye makao yake New York ilimpa tuzo yake ya kimataifa ya uhuru wa habari.

Naomba mtulie kidogo kwenye jambo hili. Watu wengi huisimulia habari hii kama habari ya ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Mimi ninaisoma pia kama habari ya ramani mbaya. Maelfu ya watu waliandika kwa imani kwamba hawajulikani, na kumbe usiri wao wote ulikaa kifuani mwa watu wawili na kwenye seva wanazozisimamia. Barua pepe uliyojisajilia, anwani ya intaneti uliyoingilia, saa uliyoandika: vyote hivyo vipo mahali, na mahali hapo pana mwenyewe, na mwenyewe ana mke, ana watoto, ana mlango unaoweza kugongwa. Tulimtwika mtu mmoja mzigo ambao haukupaswa kuwa wa mtu yeyote. Alikataa kuutua. Je, kama angechoka? Je, kama angekuwa mtu mwingine?

Ndiyo maana ninasema swali la kwanza kwa kila anayetaka kujenga jukwaa, liwe la kugatuliwa au lisiwe, ni: nani ameshika majina? Maswali ya seva ziko ngapi na ziko nchi gani yanakuja baadaye.

Yanakuja baadaye, lakini yanakuja kweli. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka leseni kwa majukwaa na blogu. Maombi shilingi laki moja, leseni milioni moja, ada ya mwaka milioni nyingine: jumla milioni 2 na laki 1. Juni 2018, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza wasio na leseni wasitishe huduma, JamiiForums ilifungwa kwa muda hadi mambo ya leseni yalipokaa sawa. Ada zikaja kupunguzwa baadaye, na kanuni za mwaka 2020 zikataka maudhui yaliyokatazwa yaondolewe ndani ya saa mbili baada ya taarifa. Mei 2025 mtandao wa X ukaacha kufunguka nchini bila VPN, programu ya kuzunguka vizuizi, na VPN zenyewe tangu Oktoba 2023 Mamlaka ilitaka wanaozitumia watoe taarifa zao. Kisha Septemba 6, 2025 Mamlaka ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90, ikisema maudhui yaliyochapishwa yanapotosha na kumdhalilisha Rais. Siku moja, barua moja, na hazina ile ya karibu miaka ishirini ikawa haisomeki kwa mtu wa Kawe asiye na njia ya kuzunguka. Swali la matikiti lilifungwa pamoja na la siasa. Ushauri kwa yule dada ulifungwa pia.

Baada ya hapo vijana wengi wakaniambia: tugatue, mzee, tuachane na hizi seva. Nikawajibu kwamba taifa hili lina uzoefu wa ugatuzi na lingefaa kuutumia. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey, serikali ilitangaza Madaraka Mikoani. Jina zuri. Matokeo yake halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa, na mahali pake wakaletwa maofisa wa serikali kuu waliohamishiwa mikoani. Madaraka yalisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam yakiwa bado ya Dar es Salaam. Ilibidi itungwe sheria mpya mwaka 1982, na serikali za mitaa zikarudi mwaka 1984, mwaka ambao Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri katika mahojiano kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Mtu anayetaka kukuuzia teknolojia kwa jina la ugatuzi, muulize maswali ya mwaka 1972: uamuzi unafanyika wapi, na nani anaweza kumwondoa anayeamua?

Mfano wa mtandaoni upo. Mwaka 2016 ilianzishwa Steemit, jukwaa la kuandika na kujadiliana lililojengwa juu ya mnyororo wa vitalu, ule mtindo wa daftari linalonakiliwa kwenye kompyuta nyingi kama la Bitcoin. Wakasema hakuna mwenye nalo. Lakini kura za kuamua nani anatunza daftari zilihesabiwa kwa sarafu, na fungu kubwa la sarafu lilikuwa mkononi mwa kampuni moja. Februari 2020 mfanyabiashara Justin Sun akainunua kampuni hiyo. Machi, masoko makubwa ya sarafu za kidijitali yakamsaidia kwa kupiga kura kwa sarafu zilizowekwa na wateja wao, na watunzaji waliochaguliwa na wanachama wakang'olewa. Wanachama wakajikusanya, wakanakili daftari lote na kuanzisha lao liitwalo Hive. Hapo pana mafunzo mawili yanayovutana. Mnyororo haukuwazuia kuporwa. Lakini kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyanakili, waliporwa nyumba wakaondoka na vyombo vyote. JamiiForums ikifungwa leo, mimi na wewe hatuwezi kufanya hivyo.

Pamoja na hilo, mimi sishauri mnyororo wa vitalu kwa jukwaa la watu kama sisi. Kwanza ni mzigo: daftari la Bitcoin, lililoanza Januari 2009, limepita gigabaiti 600, na kazi yake kuu si mazungumzo ya watu, ni hesabu za malipo. Pili, na hili ndilo linalonigusa, kilichoandikwa humo hakifutiki. Hebu mfikirieni binti wa mtaa huu ambaye mwanamume aliyeachana naye amezitupa picha zake za faragha mtandaoni. Mtu akija kuniambia kwa fahari kwamba jukwaa lake halifuti kitu, ninamuuliza atamwambia nini mama wa binti huyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe au zisahihishwe. Haki hiyo ni ya kwetu sote na teknolojia inayoikanyaga haitufai, hata ikitoka kwa wapenda uhuru.

Lakini pia jukwaa lisilo na mwenyewe kabisa lilikwisha jaribiwa. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano ambamo kila chuo kilihifadhi nakala na kumpa jirani yake. Uliishi vizuri kwa miaka mingi, wakati wanaoutumia walikuwa wachache na wanajuana kwa tabia. Aprili 12, 1994, mawakili wawili mume na mke kutoka Arizona, Canter na Siegel, walitupa tangazo la bahati nasibu ya Green Card kwenye maelfu ya makundi kwa mkupuo. Tangazo lile lile, kwenye kundi la fizikia na kundi la wapishi. Watu walighadhibika, lakini hapakuwa na mtu wa kufunga mlango kwa kuwa mlango haukuwapo. Ujumbe wa kufuta ulikuwapo, ila yeyote aliweza kuughushi, kwa hiyo seva nyingi zikaacha kuutii. Baada ya miaka michache takataka zikawa nyingi kuliko maneno, na watu wenye subira wakahama.

Wasimamizi, wale wanaowapiga watu ban na kulaaniwa kila siku, ndio jukwaa. Bila wao zinabaki nyaya na kelele. Ndiyo maana ninasema tugawe kumbukumbu, tugawe utunzaji wa majina, lakini uwajibikaji tusiugawe mpaka ukapotea. Kila kipande cha jukwaa kiwe na watu wanaojulikana, wenye kuulizwa.

Na sasa ipo njia inayokaribia hapo. Januari 2018 shirika la W3C, linaloweka viwango vya tovuti duniani, lilipitisha lugha ya mawasiliano iitwayo ActivityPub. Mastodon, mtandao ulioanzishwa na Eugen Rochko, inaitumia, na Lemmy, iliyoanza mwaka 2019, ni jukwaa la nyuzi na majibu kama tulivyozoea. Kila seva ina mwenyewe, ina kanuni zake, ina wasimamizi wake. Lakini seva zinazungumza. Uzi ulioanzishwa kwenye seva ya Dar es Salaam unasomwa na kujibiwa na mtu wa seva ya Nairobi au ya Muscat, na nakala inakaa kote huko. Seva ikigeuka kuwa jalala, nyingine zinaikata. Mwaka 2019 mtandao wa Gab, uliosheheni chuki, ulipojiunga na familia hii, seva nyingi zilifunga milango yao ndani ya siku chache, bila serikali wala kampuni kuwaamuru. Mimi hilo ninalipenda sana. Ni heshima ya jamii inayojua kumtenga mkorofi bila kumziba kinywa kwa nguvu.

Msidhani kwamba huko ni peponi. Julai 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliotafuta kwa siku mbili tu kwenye seva kubwa za mtindo huu walikutana na picha 112 zinazojulikana za watoto wanaodhalilishwa. Mwezi uleule seva moja ya Lemmy iliyotumia jina linaloishia .ml ilijikuta haina jina, kwa sababu Mali ilichukua tena usimamizi wa kikoa chake cha taifa. Ile seva haikuharibika. Waliokuwa wakiitafuta kwa jina lile ndio hawakuipata tena. Kumbukeni shtaka la pili la Kisutu. Jina la kikoa linatolewa na mtu, na linachukuliwa na mtu. Kwa hiyo utambulisho wa mwanachama usifungwe kwenye jina la seva. Kuna mitindo mingine, kama Nostr ulioanza mwaka 2020, ambamo wewe mwenyewe una ufunguo, namba ndefu ya siri iliyo kwenye simu yako, na kila bandiko unalisaini kwa ufunguo huo. Seva ikizimwa unahamia nyingine na wenzako wanakutambua kwa saini ileile. Hakuna aliyeulizwa barua pepe. Hakuna daftari la nywila la kuibwa wala la kudaiwa.

Vijana hushangilia nikifika hapa. Naomba mnisubiri. Simu za Dar es Salaam zinaibwa. Umesimama kituoni Mwenge, bodaboda imepita, simu imekwenda. Ufunguo umekwenda nayo, na pamoja na huo jina lako la miaka kumi, heshima yako, kila uzi ulioujenga. Kwa mhandisi wa California huo ni usumbufu mdogo. Hapa kwetu kosa hilo linaiua teknolojia kabla haijatembea. Lakini dawa ipo, na wanakikoba wanaijua kwa mikono yao: sanduku la fedha lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Mwaka 1979 mwanahisabati Adi Shamir alionyesha namna ya kuigawa siri vipande vitano, kwa mfano, ili vitatu vyovyote vikikutana siri irudi, na viwili vikikutana visijue chochote. Mpe kipande dada yako, mpe rafiki wa chuoni, mpe shemeji wa Mwanza. Ukiibiwa simu, unawapigia watatu. Programu ya jukwaa lolote la Kiswahili isiyo na huduma hii, mimi ningeikataa siku ya kwanza.

Kuna suala la bomba, na hili halina jibu la kuridhisha. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani, hapo chini kwenye barabara hiihii ya Old Bagamoyo, ulifunga huduma kwa umma kwa siku mbili kwa kukosa mawasiliano. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarejea baada ya siku kadhaa. Siku kama hizo seva yako iwe moja au elfu, ya kugatuliwa au ya mfalme, yote sawa. Zipo programu kama Bitchat, iliyotolewa Julai 2025 na Jack Dorsey, zinazopeleka ujumbe kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth bila intaneti. Hesabu yake ni hii: ujumbe unaruka mara 7, na kila mruko kwa kawaida ni kama mita 30. Nyumba za Ukwamani zimebanana, simu hazikosekani, kwa hiyo ujumbe utatembea vichochoroni. Lakini mara 7 kwa mita 30 ni mita 210. Hata Lugalo hufiki, sembuse Temeke. Inafaa kuulizana mtaani nani mgonjwa na duka lipi liko wazi, na siku ya shida hilo si dogo.

Afadhali turudi kwa hekima ya FidoNet: kusubiri. Jukwaa si simu ya dharura. Hoja nzuri juu ya bajeti au mbegu haiozi ikichelewa siku nne. Programu zinazotunza nakala kwenye simu yako na kupatanisha na simu ya mwenzako mnapokutana zipo, Secure Scuttlebutt ni mojawapo, na vijana wa hapa wamekuwa wakirushiana nyimbo na filamu kwa Xender bila bando miaka yote hii. Kinachokosekana ni mtu wa kutengeneza ya Kiswahili, nyepesi, ya simu ya bei ya chini, ambayo inajua kusubiri.

Na maandishi ni mepesi kuliko mnavyodhani. Bandiko la maneno 200 halifiki kilobaiti 2. Mabandiko milioni 10 ya namna hiyo ni gigabaiti 20. Yanaingia kwenye memori kadi inayouzwa dukani hapo nje na nafasi inabaki. Ningependa kila jukwaa la Kiswahili, hata lile lenye seva moja, litoe kila mwezi nakala ya nyuzi zake za wazi, bila picha, bila taarifa za waandishi, iliyosainiwa ili isighushiwe, na yaliyofutwa kwa haki yafutwe pia katika nakala inayofuata. Maktaba ya chuo iwe nayo. Shule iwe nayo. Mtu wa Marekani aliyetoka Kinondoni miaka thelathini iliyopita awe nayo. Hilo halihitaji teknolojia mpya hata moja, na linaweza kuanza wiki ijayo.

Kwa wanaotaka kuanzisha seva hapa, nawaomba msijifanye hamwishi nchini. Kateni leseni. Ninajua inavyouma: kwa viwango vya mwaka 2018, seva kumi ndogo za mitaa zingelipa milioni 21 ili kufanya kazi ambayo jukwaa moja kubwa lingelipia milioni 2 na laki 1. Kanuni iliyoandikwa kwa kuwaza kampuni moja kubwa inaadhibu ugatuzi hata bila kukusudia, na hilo ni jambo la kupeleka kwa wanaotunga kanuni, mchana kweupe, kwa majina yetu: seva ya jamii isiyofanya biashara itozwe ada ya jamii isiyofanya biashara. Seva nyingine ziwe Nairobi, Muscat, Berlin, popote Waswahili walipo, kila moja chini ya sheria ya pale ilipo na wasimamizi wanaoijua hadhira yao.

Mwenye seva ya Dar es Salaam atabaki kuwa mtu mwenye jina, anwani, na leseni ukutani. Uchochezi wa kuua au picha ya mtoto ikitua kwake, ataiondoa ndani ya saa mbili, na hatangoja barua. Mahakama ikimwita ataenda. Akiulizwa mwandishi wa uzi fulani ni nani, atatoa alicho nacho: saini, saa, na maneno yenyewe ambayo kila mtu ameshayasoma. Barua pepe hakuchukua. Anwani za intaneti hufutwa kila usiku, na sera ya kufuta hivyo aliiandika na kuitangaza siku alipofungua. Wataalamu wa serikali wakiikagua seva yake, watakuta ni hivyohivyo.